Mgonjwa Asiyepona Anatudai Nini?

Liko swali ambalo watu hawaliulizi hadharani. Huulizwa kwa sauti ndogo mlangoni mwa wodi, au jikoni wakati mgonjwa hasikii, na pengine huulizwa na watu wema kabisa. Swali lenyewe ndilo hili: mtu ambaye hatapona, ambaye hatarudi shambani wala kazini, na ambaye kila mwezi ujao utamkuta dhaifu kuliko mwezi uliopita, je, mtu huyo anawadai nini wenzake? Na hasa, anaidai nini hospitali ya umma, ambayo fedha zake ni kidogo na wagonjwa wake ni wengi?

Twapenda kulijibu swali hili leo, wala hatutalijibu kwa maneno ya huruma peke yake, maana huruma isiyo na hoja huchoka upesi. Tutatwaa ugonjwa mmoja uwe mfano wetu, nao ni ule uitwao ugonjwa wa Parkinson, au kama wasemavyo wengi vijijini, ugonjwa wa kutetemeka. Tumeuchagua kwa kuwa ugonjwa huu hauui kwa haraka, hauambukizi, haupigiwi mbiu, wala hauna dawa ya kuuondoa. Basi ye yote atakaye kujua kama taifa linamheshimu mtu kwa kuwa ni mtu, au linamheshimu kwa faida yake tu, hapa ndipo mahali pa kupimia.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mwaka 1817 mganga mmoja wa London, James Parkinson, alitoa kijitabu kilichoeleza habari za watu sita tu, ambao baadhi yao alikuwa amewaona wakipita njiani. Aliona mikono ikitetemeka hali imetulia, mwili ukiinama mbele, na miguu ikienda hatua fupi za haraka kana kwamba mwenyewe anasukumwa kwa nyuma. Leo twajua kwamba ndani ya ubongo mna sehemu ndogo nyeusi, ambayo chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kitu hicho ndicho kinachoufanya mwendo wa mwili uwe laini na mwepesi. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwili hukakamaa, mwendo huwa mzito, uso hupoteza tabasamu, sauti hufifia, na mwandiko huwa mdogo hata hausomeki. Huo si uchawi, si laana, wala si malipo ya dhambi ya mtu ye yote.

Tena twajua kwamba msaada upo. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake walionyesha kule Vienna kwamba dopamini hupungua sana katika ubongo wa wagonjwa hawa. Na mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, alitangaza kwamba dawa ya levodopa, ikitolewa kwa mdomo kwa kipimo kilichoongezwa polepole, huwarudishia wengi mwendo wao. Dawa hiyo haiuondoi ugonjwa. Humrudishia mgonjwa saa zake za kuishi. Leo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Msomaji atashangaa akisikia kwamba mbegu za upupu, mmea ule ambao watoto wetu huukimbia kwa mwasho wake, zina levodopa ndani yake. Lakini asijaribu mtu kujitibu kwa mbegu hizo, kwa maana kipimo chake hakijulikani kwa macho, na dawa iliyo na nguvu ya kusaidia ina nguvu ya kudhuru pia.

Sasa tumfikirie mzee mmoja. Hatumtaji mtu fulani. Twatoa mfano wa wengi. Alikuwa seremala. Miaka kumi na zaidi imepita tangu mkono wake wa kulia uanze kutetemeka. Siku za kwanza dawa ilimsaidia mchana kutwa. Sasa kidonge kimoja humsaidia saa mbili au tatu tu, kisha mwili hufunga tena kama mlango uliopigwa komeo. Akifika kizingitini miguu hugandama chini, naye huanguka. Chakula humpalia. Choo humfunga. Usiku hawezi kujigeuza kitandani, na mara nyingine huona watu ambao hawamo chumbani, akawaamkia. Akili yake, ambayo zamani ilipima mbao bila kukosea, siku nyingine i wazi, siku nyingine i gizani. Hii ndiyo hatua ya mwisho wa ugonjwa, nayo yaweza kudumu miaka. Wengi hufa hatimaye kwa kichomi, kwa sababu chakula na mate hushuka mapafuni mahali pa kushuka tumboni.

Na ni nani aliye kando ya kitanda chake? Ni mke wake, naye ana zaidi ya miaka sitini; au ni mkwewe, mwenye watoto wadogo watatu. Yeye ndiye anayemgeuza usiku mara nne, anayemlisha kijiko kwa kijiko, anayefua, anayemwinua akianguka. Mtu huyu tumkumbuke vema, kwa maana hoja yetu yote itarudi kwake.

Habari hizi si za Ulaya tu. Katika Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wa Kiingereza walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu zaidi ya 161,000, na mwaka 2008 walitangaza kwamba wamewakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao wala kuonja dawa yake. Walikuwapo siku zote, katika nyumba zinazojulikana na majirani, wala hapana aliyewahesabu. Dunia nzima, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, walikuwako mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 wenye ugonjwa huu, na idadi hiyo yaongezeka kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi. Afrika nayo, kwa neema ya Mungu na kwa jitihada za waganga, inaanza kuwa na wazee wengi. Haitakuwa haki kushangilia miaka tuliyoongezewa, kisha tukawakimbia wale wanaoizeekea.

Basi turudi kwenye swali letu. Wako watu watakaosema hivi: “Fedha za umma ni chache. Wako watoto wenye malaria, wako akina mama wanaojifungua, wako vijana waliopata ajali. Hao wakitibiwa watapona, nao watalijenga taifa. Mzee huyu hatapona. Kumpa kidonge ni kama kumwagia maji mti uliokwisha kukauka.” Hoja hii haitoki katika ukatili siku zote; mara nyingi hutoka kinywani mwa muuguzi aliyechoka, mwenye wagonjwa hamsini na mikono miwili. Kwa hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima.

Twakubali kwamba kama pana kitanda kimoja na wagonjwa wawili, mganga hana budi kuchagua, wala hatendi dhambi akichagua. Lakini makadirio ya fedha za taifa si kitanda kimoja. Hakuna aliyewahi kusimama akaonyesha kwamba vidonge vya mzee vilinyang'anywa kinywani mwa mtoto. Tena, hoja ya kwamba “hatapona” yathibitisha mno kuliko inavyotaka. Mwenye kisukari haponi, mwenye shinikizo la damu haponi, mwenye virusi vya UKIMWI haponi. Wala hatusemi waachwe. Nchi yetu ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bure mwaka 2004, na tangu hapo imejifunza kuzifikisha dawa hizo mwezi baada ya mwezi hata vijiji vya mbali, pamoja na wahudumu wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Taifa lililokwisha kuijua njia hiyo haliwezi kusema kwamba njia haipo.

Tena chini ya maneno hayo pana kosa lililojificha, nalo ni kumpima mtu kwa kazi yake. Kama thamani ya seremala ilikuwa katika meza alizozitengeneza, basi kweli imekwisha siku mkono ulipomtetemeka. Lakini kama ndivyo, basi hata mtoto mchanga hana thamani bado, na sisi sote thamani yetu ni ya kuazima, itakayodaiwa siku ya kuugua. Hakuna mwenye akili atakaye kuishi katika nyumba yenye sheria hiyo. Dunia ilipata somo juu ya jambo hili machoni pake. Papa Yohane Paulo II, ambaye wazee wetu walimwona akiwa na nguvu alipoitembelea Tanzania mwezi wa Septemba 1990, baadaye alipatwa na ugonjwa huu huu. Siku ya Pasaka, tarehe 27 Machi 2005, alisogezwa dirishani awabariki watu, akajaribu kusema, na sauti haikutoka. Siku sita baadaye alifariki dunia. Hapana aliyethubutu kusema kwamba mtu yule aliyenyamaza dirishani alikuwa amepungua utu kuliko yule aliyehubiri mbele ya maelfu. Basi lile tunalolikubali kwa Papa, tulikubali pia kwa seremala.

Liko jibu la pili, nalo huvaa vazi zuri zaidi. Husemwa: “Sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu. Kazi hii ni ya jamaa, si ya Serikali.” Maneno haya yana ukweli ndani yake, na Mungu atujalie yasiache kuwa kweli. Lakini tazama jinsi yanavyotumika. Mara nyingi asemaye “jamaa” yuko mjini, ana kazi yake, na hutuma fedha kidogo mwishoni mwa mwezi. Jamaa mwenyewe, yule wa kuamka usiku, ni mwanamke mmoja. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali auona mzigo kuwa mwepesi kwa kuwa hauko begani pake.

Na hapa ndipo penye neno ambalo twataka msomaji alishike, hata akiyasahau mengine yote. Hospitali ya umma ikimwacha mgonjwa huyu, gharama haipungui, inahamishwa tu. Hutoka katika vitabu vya Serikali, ambamo ingeandikwa na kuonekana, ikaingia katika mwili wa mwanamke yule, ambamo haiandikwi wala haionekani. Hulipwa kwa mgongo wake, kwa usingizi wake, kwa shamba lisilolimwa, kwa mjukuu aliyeachishwa shule ili amsaidie bibi kumwinua babu. Kisha wenye kupanga mambo husema kwamba fedha zimeokolewa. La hasha! Hazikuokolewa, zimekopwa kwa mtu asiyeweza kukataa, wala hapana aliyekusudia kumlipa. Mambo hayo yakitendwa sokoni, twayaita dhuluma. Kwa nini yaitwe desturi njema yakitendwa nyumbani?

Basi mgonjwa asiyepona anatudai nini? Hatudai miujiza. Mafundisho ya maadili yametofautisha tangu zamani kati ya njia za kawaida za kumtunza mgonjwa na njia zisizo za kawaida. Na Papa Pio XII alilieleza jambo hilo alipowajibu waganga tarehe 24 Novemba 1957, akifundisha kwamba wajibu wetu hupimwa kwa hali ya watu, ya mahali na ya wakati. Uko upasuaji wa kutia nyuzi za umeme ndani ya ubongo, ambao huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, tena wale waliochaguliwa kwa uangalifu. Gharama yake ni kubwa sana, na hatusemi kwamba kila wilaya inawajibika kuutoa. Lakini kidonge, uji, shuka safi, na mtu anayejua la kufanya, hizo ni njia za kawaida mahali po pote duniani. Wahenga hawakusema kwamba mgonjwa haulizwi upasuaji. Walisema mgonjwa haulizwi uji. Lililo la lazima hupewa bila kujieleza.

La kwanza analodai ni dawa yake, tena kwa saa yake. Mtu wa hatua ya mwisho hapimi siku kwa jua, bali kwa vidonge. Kidonge kikichelewa, hawezi kumeza hata hicho kilichochelewa. Na dawa ikikatwa ghafula, mwili waweza kukakamaa na kushikwa na homa kali ya kumuua. Uingereza, mwaka 2018, taasisi iitwayo NICE, ambayo huweka vipimo vya huduma za afya za umma, ilitaka mgonjwa wa Parkinson aliyelazwa apewe levodopa bila kupishana na saa aliyoandikiwa kwa zaidi ya nusu saa. Na hata huko kwenye utajiri, chama cha Parkinson's UK kimelazimika kupigania jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu katika wodi nyingi vidonge hugawanywa kwa saa za wauguzi, si kwa saa za mgonjwa. Basi si suala la utajiri peke yake. Saa ya ukutani tunayo. Linalotakiwa ni mtu aliyefundishwa kuitazama kwa ajili ya mwingine. Lakini saa haifai kitu pasipo dawa, na dawa iliyopo Januari ikakosekana Machi ni ahadi iliyovunjwa.

La pili, anadai asidhuriwe kwa ujinga. Zipo dawa zinazotumika sana, kama vile metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya kutuliza wenye kuchanganyikiwa, ambazo huizuia dopamini na kumfanya mgonjwa wa Parkinson akakamae zaidi. Mganga asiyejua humwandikia dawa hiyo kwa nia njema, na jamaa husema ugonjwa umezidi. Waganga mabingwa wa ubongo ni wachache mno kwetu, wala hatuwezi kuwangojea. Lakini tabibu mmoja katika kila wilaya, aliyefundishwa ugonjwa huu vema, awezaye kuulizwa na zahanati zote, si ndoto.

La tatu, anadai kwamba mwenye kumtunza afundishwe naye apumzishwe. Yapo maarifa ambayo hayagharimu kitu: kumlisha akiwa ameketi wima; kumpa uji mzito badala ya maji matupu kama yanampalia, kwa shauri la mganga; kumgeuza kitandani ili asipate vidonda; kumpigia hesabu au mdundo miguu inapogandama. Hili la mwisho si mzaha. Huko huko Hai wagonjwa walizoezwa kutembea kwa kufuata mdundo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionyesha mwendo wao ukiwa bora. Muuguzi mmoja akipita nyumbani mara moja kwa mwezi na maarifa haya, atamfaa mwanamke yule kuliko hotuba kumi za kumsifu.

La nne, anadai kufa bila maumivu yanayoweza kuzuilika, bila kiu, bila kutelekezwa, na miongoni mwa watu wake.

Hayo yote hatuyaombi kama sadaka. Sadaka ni kile ninachotoa katika kilicho changu. Haki ni kumrudishia mtu kilicho chake. Seremala huyu alilipa kodi, alijenga shule ya kijiji kwa mikono yake, alilea raia. Taifa lenyewe limekiri deni hilo: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno “wote” ni fupi kulitamka, lakini ni zito kulitimiza. Hatuwezi kujua kama limetimizwa kwa kuwatazama walio na nguvu ya kupanga foleni. Tutajua kwa kumtazama yule ambaye hawezi kufika kwenye foleni, na hata akifika, sauti yake haisikiki dirishani.

Mwisho, tusiitupie Serikali yote, tukaosha mikono. Wengi wetu twamjua mtu wa namna hii, na twapita mbele ya nyumba yake. Labda tumeacha kuingia kwa sababu uso wake hauonyeshi furaha, nasi tukadhani hatutaki. Sivyo. Ni ugonjwa ulioufunga uso. Moyo uko nyuma yake, wasikia hodi. Jumamosi hii mwingie. Keti naye. Mpe nafasi amalize sentensi yake, hata ikichukua dakika nzima. Na kabla hujaondoka, mwambie mama yule alale saa tatu. Wewe utatazama saa ya kidonge.